Trekta Moja, Watu Watatu: Usalama na Matunzo kati ya Ufipa na Kirando

Mwongozo wa trekta, uwe wa kile kidogo cha kukalia kinachokata nyasi kwenye viwanja vya hoteli au wa lile kubwa linalovuta jembe la diski, huandikwa kwa kumfikiria mtu mmoja. Mtu huyo ameinunua mashine kwa fedha zake, anaiendesha mwenyewe, anakumbuka alibadilisha oili lini, na eneo analolifanyia kazi ni lake. Akiambiwa asipakie mtu juu ya madigadi, au azime injini kabla ya kugusa mkanda, faida ya kutii na hasara ya kukaidi vyote vinamrudia yeye. Mkoani Rukwa mtu wa namna hiyo yupo, ila si wa kawaida. Kirando, kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika wilayani Nkasi, kama ilivyo Namanyere na Sumbawanga juu ya uwanda wa Ufipa, trekta aghalabu lina watu watatu. Mwenye mali ni mfanyabiashara au mtumishi anayeishi mjini na kusubiri hesabu. Dereva ni kijana aliyechukuliwa kwa msimu, na pengine ni deiwaka aliyeachiwa usukani kwa siku mbili. Wa tatu ni mwenye shamba, anayelipa kwa eka na ambaye hamu yake ni moja: mvua isimkute ardhi haijapinduliwa. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba ajali za mashine hizi, na kufa kwake mapema, vina chanzo kimoja, nacho ni pengo lililopo kati ya watu hawa watatu. Kumtupia dereva lawama, jambo tunalolifanya kila ajali inapotokea, kunaliacha pengo hilo wazi likisubiri ajali inayofuata.

Tuanze na ardhi yenyewe, kwa sababu hapa ardhi haisamehe. Sumbawanga iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Milima ya Mbizi inapanda juu zaidi ya hapo. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi. Kati ya uwanda na ziwa kuna ukingo wa Bonde la Ufa, na barabara inayotoka Namanyere kwenda Kirando haina budi kuushuka. Mashine ileile inayolima mahindi juu yaweza kukodishwa chini siku chache baadaye, na mazao yanayopandishwa na kuteremshwa hupita kwenye miteremko hiyohiyo. Tofauti hii ya karibu mita 1,000 huathiri injini kabla hata haijaathiri breki. Injini ya dizeli isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda, kwa kuwa hewa inazidi kuwa nyepesi. Trekta la nguvu farasi 60 linapofika Sumbawanga hubaki na kama 50. Dereva anayeona mashine inalegea huongeza mafuta, moshi mweusi unatoka, naye hudhani kwamba injini inajitahidi. Kwa kweli moshi huo ni dizeli isiyoungua, na masizi yake yanaishia kwenye oili na kwenye nozeli. Jawabu ni kupunguza kina cha jembe au kushuka gia moja. Lakini anayelipwa kwa eka hana sababu ya kushuka gia.

Maji nayo huchemka mapema huku juu. Kwenye mwinuko wa Sumbawanga maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100. Rejeta ya trekta hufidia upungufu huo kwa mfuniko wenye springi unaobana mvuke ndani ili maji yasichemke kabla ya wakati. Mfuniko huo ukipotea na mahali pake pakazibwa kwa kitambaa au kipande cha mpira, injini imenyang'anywa kinga ambayo mtengenezaji aliihesabu. Pawatila (trekta dogo la magurudumu mawili) nyingi zenye tangi la maji lililo wazi hazina kinga hiyo tangu mwanzo, hivyo kuongeza maji mara kwa mara ni sehemu ya kazi na hakupaswi kungoja mashine ianze kulalamika. Na yeyote anayefungua mfuniko wa rejeta ilhali injini bado ya moto anajifungulia mvuke wa kuchoma uso. Injini inayochemka izimwe na iachwe ipoe kwanza, hata kama mwenye shamba amesimama pembeni akitazama wingu.

Mteremkoni ndipo pengo la watu watatu linapoonekana waziwazi. Trekta la kawaida la kulimia lina uzito wa tani mbili na ushee. Tela likipakiwa magunia 40 ya mahindi ya kilo 100, hizo ni tani nne, yaani karibu mara mbili ya uzito wa mashine inayolivuta. Magunia yakiwa ni lumbesa, yaani yamejazwa kupita kipimo, dereva hajui kabisa anavuta kiasi gani. Tela nyingi hazina breki zake zenyewe, kwa hiyo kazi yote ya kusimamisha tani zaidi ya sita inaangukia magurudumu mawili ya nyuma ya trekta. Hapo ndipo tabia ya kutembea frii inapoua. Dereva huweka gia huru ili aokoe mafuta, na mafuta hayo mara nyingine amepimiwa kwa dumu na mwenye mali. Trekta hupata kasi, breki hupata moto na kuchoka, na kuirudisha gia tena hakuwezekani kwa sababu magurudumu yanazunguka kwa kasi ambayo sanduku la gia haliwezi kuipokea. Kanuni ya zamani bado ni sahihi: shuka kwa gia uliyopandia, au ya chini zaidi, na uichague kabla ya mteremko kuanza. Trekta lina pedeli mbili za breki, moja kwa kila gurudumu la nyuma, ili dereva aweze kukata kona kali shambani. Kabla ya kuingia barabarani pedeli hizo lazima zifungwe pamoja kwa komeo lake. Zisipofungwa, mguu ukakanyaga moja tu kwenye kasi ya barabara, trekta hugeuka ghafla na kupinduka.

Pawatila ina hatari yake kwenye mteremko, nayo inastahili kuelezwa taratibu kwa sababu wengi huigundua wakiwa wamechelewa. Mashine hii ya magurudumu mawili, yenye tela ambalo dereva hukalia kwa mbele, hukata kona kwa kuminya kishikio kilicho chini ya mkono. Ukiminya cha kulia, gurudumu la kulia hukatiwa nguvu, la kushoto huendelea kusukuma, na mashine hugeukia kulia. Ndivyo inavyokwenda kwenye tambarare na kwenye kilima cha kupanda. Kwenye mteremko, tela likisukuma kutoka nyuma, mambo hugeuka. Gurudumu la kulia likikatiwa nguvu huwa huru kuzunguka upesi kuliko la kushoto, ambalo bado limeshikwa na injini, na mashine huelekea kushoto. Dereva aliyejifunzia kwenye majaruba tambarare anaminya kulia ili akwepe korongo la kushoto, na mkono wake mwenyewe unampeleka korongoni. Akishtuka huminya kwa nguvu zaidi. Njia salama ni kushuka kwa gia ya kwanza, kuacha kabisa vishikio hivyo, na kuongoza mashine kwa kusukuma usukani wake kwa mwili. Jambo hili huelezwa kwa dakika tano na kujaribiwa kwenye kilima kidogo kwa nusu saa. Nani amwelezee huyo deiwaka, na kwa malipo ya nani? Mwenye mali anadhani kwamba dereva anajua kwa kuwa ni dereva. Dereva anaona aibu kuuliza kwa kuwa kazi itapewa mwingine. Mwenye mzigo hajui kwamba kuna swali la kuulizwa.

Duniani kote, kupinduka ndiko kunakoongoza kwa kuua waendesha matrekta. Trekta ni refu kwa kimo, tumbo lake liko juu ya ardhi, na uzito wake mwingi uko nyuma. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayolisukuma nje ya kona huongezeka mara nne, kwa hiyo anayepunguza kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 10 hajapunguza hatari kwa nusu tu. Kupinduka kwa nyuma ni kubaya zaidi, kwa maana huchukua sekunde moja na nusu hivi kuanzia magurudumu ya mbele yanaponyanyuka, muda ambao haumtoshi mtu kutambua kinachotokea, sembuse kuruka. Husababishwa na mambo yanayoonekana madogo. La kwanza ni kufunga mnyororo au tela juu ya ekseli au kwenye mkono wa juu wa haidroliki badala ya kwenye kivutio cha chini kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. La pili ni lile linalofanyika sana kwenye tope la masika: trekta limenasa, watu wanafunga gogo kwenye magurudumu ya nyuma ili yapate kushika, dereva anatia gia. Gogo likigoma ardhini, magurudumu hayawezi kuzunguka, na nguvu yote ya injini huishia kulizungusha bodi la trekta kuzunguka ekseli yake. Trekta lililonasa lichimbuliwe, au livutwe kwa nyuma na mashine nyingine, watu wote wakiwa mbali na mnyororo.

Dawa ya kupinduka inajulikana na imethibitishwa. Sweden iliagiza mwaka 1959 kwamba kila trekta jipya liwe na fremu ya chuma ya kumlinda dereva, na katika miongo iliyofuata vifo vya kupinduka karibu vitoweke nchini humo. Uingereza ilifuata mwaka 1970 kwa matrekta mapya. Tarehe hiyo inatuhusu moja kwa moja, kwani Massey Ferguson 135, trekta ambalo mafundi wetu wanalifahamu kuliko jingine lolote, lilianza kutengenezwa mwaka 1964, na mengi ya umri huo yaliondoka kiwandani bila fremu yoyote. Anayenunua trekta kuukuu na atazame hilo kabla hajatazama rangi. Atambue pia kwamba paa la kivuli, lile bati lililowekwa juu ya vyuma vinne vyembamba, ni la kuzuia jua tu. Trekta likilala, linakunjika. Fremu ya kweli ni nene, imefungwa kwa bolti kwenye ekseli ya nyuma, na huambatana na mkanda wa kiti. Mkanda huo hufungwa palipo na fremu. Kwenye trekta lisilo na fremu haufai, kwa sababu utamfunga dereva kwenye chuma kinachomwangukia. Kuhusu abiria hakuna mjadala: trekta lina kiti kimoja, na anayekaa juu ya madigadi yuko mbele ya gurudumu kubwa, tena mara nyingi hapo ndipo tandiboi anapowekwa.

Katika Rukwa, hata hivyo, jambo linalonitia hofu kuliko kupinduka ni shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine iliyounganishwa nyuma ya trekta. Mkoa huu ni miongoni mwa ile ya nyanda za juu kusini inayotegemewa kwa mahindi ya ziada, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, na mavuno yanapokuja mashine ya kupukuchua huunganishwa nyuma ya trekta na kuzungukwa na watu. Kulima hufanywa na dereva akiwa peke yake shambani, ila kupukuchua hufanywa na familia nzima: wanaume wanamwaga magunzi, wanawake wanapepeta wakiwa wamejifunga kanga na vitenge, watoto wanaokota punje. Shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika, sawa na mara tisa kwa sekunde. Kiungo chake chenye unene wa sentimita nane hivi kina mzingo wa sentimita 25, kwa hiyo hukunja zaidi ya mita mbili za kitambaa kwa sekunde moja. Kanga nzima ina urefu wa mita moja na nusu tu. Ncha ikinaswa, kanga imekwisha kabla aliyeivaa hajapiga kelele, na kinachofuata ni mkono au nywele. Mtengenezaji huweka bomba la plastiki kuifunika shafti yote, likiwa na kijinyororo cha kulizuia lisizunguke. Bomba hilo huvunjika, fundi hulitoa ili apake grisi, halirudishwi, na msimu wa pili hakuna anayekumbuka kwamba liliwahi kuwapo. Ni kipande cha plastiki tu, na hakuna spea nyingine kwenye trekta zima ambayo kukosekana kwake hakuipunguzii mashine hata punje moja ya kazi. Ndiyo sababu hakinunuliwi. Mwenye mali haoni hasara, dereva haoni tofauti, na mwenye mahindi haoni hatari.

Hapo tunafika kwenye matunzo, ambayo kwa kawaida huzungumzwa kama suala la fedha, mbali na usalama. Utengano huo hauna msingi. Chukua betri iliyokufa au swichi iliyoungua. Dereva anasimama chini, kando ya gurudumu la nyuma, na kuunganisha stata kwa bisibisi. Kama gia imebaki imeingia, trekta linaondoka palepale likiwa limemkabili yeye, kwa sababu ameruka kinga iliyowekwa ili injini isiwake hadi klachi ikanyagwe. Kifo cha namna hiyo kitaandikwa kuwa ajali, na chanzo chake ni betri ambayo mwenye mali aliahidi kuileta wiki ijayo. Nati za magurudumu zisizokazwa, mpira wa breki uliokauka, mkono wa haidroliki unaoshuka wenyewe wakati mtu yuko chini akibadilisha diski: vyote hivyo ni matunzo yaliyoahirishwa. Jembe lililoinuliwa lishushwe ardhini kabla ya mtu kuingia chini yake, na kama lazima lining'inie, liwekewe gogo imara la kulishikilia.

Tatizo kubwa la matunzo yetu liko kwenye kuhesabu. Wenye matrekta wengi walianza na gari au pikipiki, hivyo hufikiri kwa miezi na kilomita. Trekta huhesabiwa kwa saa za injini. Pawatila nyingi hutakiwa kubadilishwa oili kila saa 100, na matrekta kati ya saa 100 na 250 kulingana na aina na oili. Msimu wa kulima unapopamba moto mashine hufanya kazi saa 10 kwa siku, kwa hiyo saa 100 hutimia ndani ya siku kumi. Yule anayesema, kwa nia njema kabisa, kwamba mashine yake huifanyia sevisi kila mwaka kabla ya mvua, kumbe katika msimu mmoja imepitiliza muda wa oili mara kadhaa. Kipimo cha saa kimo kwenye dashibodi. Kikiharibika, ndicho kifaa cha kwanza kutengenezwa, maana bila hicho hakuna anayejua chochote. Na kama hakitengenezeki, daftari la shilingi mia chache linatosha: tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kuzima, eka zilizolimwa, mafuta yaliyoingia.

Kazi ya kila asubuhi ni fupi. Pima oili kwa kijiti mashine ikiwa mahali pa usawa, angalia maji, fungua kizibo cha chini cha filta ya dizeli utoe maji yaliyotuama, tikisa nati za magurudumu, paka grisi kwenye nipeli, tazama upepo wa matairi. Chujio la hewa linadai muda zaidi, hasa Ufipa, ambako kiangazi cha miezi mingi huacha vumbi jepesi linalopeperuka kwa upepo wa uwandani. Matrekta mengi hutumia chujio la bakuli la oili, na vumbi lililonaswa hugeuka tope ndani ya bakuli; lisiposafishwa, injini huvuta mchanga. Pistoni na silinda huliwa, oili huanza kuungua, moshi wa buluu hutokea, na gharama ya kufungua injini hufuta faida ya msimu mzima. Nayo dizeli ya madumu ipite kwenye kitambaa safi na itulie usiku kucha kabla ya kumiminwa, maana pampu na nozeli huharibiwa na chembe ambazo jicho halizioni. Kazi yote hii ni ya nusu saa. Katika siku ya saa 10 hiyo ni asilimia tano, chini ya nusu eka kwa trekta linalolima eka nane. Nozeli ikigoma mwezi Desemba, na spea ikahitaji kufuatwa Tunduma au Mbeya, siku zinazopotea ni nyingi kuliko nusu saa zote za msimu zikijumlishwa. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita 224, imefupisha safari hiyo kwa kiasi kikubwa, ila haijafika kwenye jaruba.

Mtu ataniambia kwamba haya ni maneno ya kitabuni, na kwamba Tanzania haijawahi kuwa na wakati wa matunzo. Historia inasema tumekuwa na muda wa kutosha kujifunza. Mradi wa karanga ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha Kongwa mwaka 1947 ulileta matrekta kwa wingi, mengi yakiwa mabaki ya vita, kabla ya kuwa na karakana na madereva waliofunzwa. Kabla mwaka huo haujaisha theluthi mbili ya mashine hizo zilikuwa hazitembei, na mwaka 1951 mradi ulifungwa baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Katika miaka ya 1980 Kibaha ilipata kiwanda cha kuunganisha matrekta ya Valmet kutoka Finland. Mwaka 2009 Rais Jakaya Kikwete alizindua Kilimo Kwanza, wakati ambapo takwimu zilizokuwa zikitajwa ni kwamba asilimia 70 ya ardhi yetu hulimwa kwa jembe la mkono, 20 kwa ng'ombe, na 10 tu kwa trekta. Mkopo wa dola milioni 40 kutoka India ulileta Farmtrac na New Holland zilizouzwa kupitia SUMA JKT, na halmashauri zikagawa pawatila kwa vikundi vya wakulima. Nyingi ya pawatila hizo ziliishia kuvuta tela za matofali na mchanga. Baadaye Kibaha ikapata tena kiwanda, safari hii cha Ursus ya Poland. Kila mara swali lililojibiwa lilikuwa idadi ya mashine. Kikundi cha watu kumi na watano kilichopewa pawatila moja kilikuwa kimepanuliwa pengo ninalolizungumzia: wenye mali kumi na watano, dereva mmoja, na hakuna aliyeandikiwa kwamba oili ni jukumu lake.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni lile linalosema kwamba mwisho wa yote mguu uliokanyaga breki ni wa dereva, na kwamba kumtetea ni kulea uzembe. Ni kweli kwamba kuna madereva walevi, na kuna wanaokimbiza trekta barabarani kwa sifa. Hao waondolewe kwenye usukani bila huruma. Lakini tazama dereva mwangalifu anavyolipwa. Akisimama nusu saa kupaka grisi, eka zake zimepungua na ujira wake umepungua, ilhali faida ya grisi inakwenda kwa mwenye mali. Akikataa kushusha tela la lumbesa bila breki, mwenye mzigo anatafuta trekta jingine, na mwenye mali anauliza hesabu iko wapi. Mfumo unaomtoza faini mtu mwangalifu kila siku utazalisha wazembe hata ukianza na malaika. Wengine husema gharama ni kubwa kwa mkulima mdogo. Fremu ya chuma ni ghali, nakubali. Kubadili namna ya kulipa, kuandika daftari, kufunga pedeli mbili pamoja, na kumwondoa mtu juu ya madigadi hakugharimu kitu. Wapo pia wanaoona bora tubaki na jembe la mkono na maksai. Wafipa walikijenga kwa jembe kilimo cha vituta vya kuozesha majani, ustadi ambao wataalamu wa udongo bado wanauheshimu. Lakini jembe hilo linakula migongo, hasa ya wanawake, na sioni sababu ya kumnyima mama wa Kirando trekta kwa kuwa sisi tumeshindwa kuifunika shafti.

Sheria tunazo. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya 1973, ila nguvu yake inaonekana trekta likiwa barabarani, na kupukuchua hufanyika nyumbani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya 2003, na ile ya fidia kwa wafanyakazi ni ya 2008, mfuko wake wa WCF ukianza kazi mwaka 2015. Zote mbili zinamtegemea mwajiri anayejulikana na mfanyakazi aliyeandikishwa. Deiwaka hana karatasi. Akivunjika mguu Kirando, mwenye mali atampa nauli ya kwenda hospitali, na hesabu itaendelea na mwingine. Ndiyo maana nadhani hatua ya kwanza yenye maana ni mkataba wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili kati ya mwenye trekta na dereva, ukisema nani analipia oili, kila saa ngapi, dereva analipwa nini kwa muda wa matunzo, na ana haki ya kukataa mzigo au mteremko gani bila kukatwa ujira. Halmashauri ya Nkasi inaweza kuuandaa na kuudai kabla ya kutoa kibali au ruzuku yoyote inayohusu mashine. Chuo cha VETA Sumbawanga na kambi ya JKT Milundikwa vinaweza kuwafundisha vijana hao kwa wiki moja kila mwezi wa Septemba, kabla mvua za Novemba hazijawatawanya, na somo la kwanza liwe pawatila kwenye mteremko.

Kwa mwenye trekta anayesoma haya, lipo jambo lisilohitaji kumngoja mtu. Kabla mashine yako haijaunganishwa kwenye kipukuchuzi msimu huu, nenda mwenyewe ukaitazame shafti. Kama haina bomba lake, usimruhusu dereva aiwashe, nunua bomba, na kama halipatikani Sumbawanga agiza Mbeya na umlipe dereva wako siku za kusubiri.